Bata wa Jicho Jeupe Katika Ukungu wa Poush

Poush 2
Ukungu. Baridi ya mwezi wa Poush imeanza, na wateja wa kuzungushwa ziwani kutazama ndege hakuna.

Poush 3
Ukungu tena. Baba Minu katoka alfajiri na pondo begani, karudi jua likiwa juu, yaani pale ambapo jua lingekuwa kama tungekuwa nalo. Nikamuuliza, "Hata mmoja?"

"Wamekuja wawili kutoka Kolkata na kamera zao. Wamesimama ukingoni, wamepiga picha ya ukungu, wamekunywa chai ya Gourhari, wamepanda treni wakarudi."

"Si ungewapakia hivyo hivyo?"

"Nikawaonyeshe nini, Mama Minu? Pua yangu?"

Nimecheka, halafu nimekasirika kwa sababu nimecheka. Mchele umefika chini ya pipa na mwanamume anafanya utani.

Poush 5
Naandika kwenye daftari la Minu la mwaka jana, nyuma ya hesabu zake za kujumlisha. Nyumba hii ina vyumba viwili na masikio ya mama mkwe yamo katika vyote viwili, kwa hiyo kinachonichoma nakiweka humu. Kusoma hajui. Nashukuru kwa hilo, na Mungu anisamehe kwa kushukuru.

Poush 6
Leo Bishu amefika. Nilimsikia kabla sijamwona, maana simu zake mbili hazinyamazi. Yeye ndiye anayewakusanya wanaume wa vijiji vya huku na kuwapeleka Kerala, kusini kabisa, kujenga maghorofa. Amekaa kwenye kitanda chetu kama kitanda chake.

"Shemeji," akaniambia, "ziwa limekufa mwaka huu. Watu wanakuja kuangalia ndege, ndege hawaonekani. Mumeo atakula ukungu?"

Mama mkwe akadakia, "Mwambie, baba, mwambie! Wenzake wameshajenga nyumba za matofali. Wangu mimi anabembeleza mtumbwi tu."

Niliweka chai chini kwa kishindo hadi nusu ikamwagika. Nilitaka mmoja wao anitazame usoni akumbuke Badal. Badal ni kaka yangu. Alichukuliwa na Bishu huyu huyu, mwaka juzi, baada ya sikukuu. Akarudi ndani ya sanduku. Alidondoka kwenye jukwaa la mianzi akiwa amebeba zege, na waliomleta walituambia ni afadhali tusimfunue. Tukamchoma mtoni kwa mila yetu, bila kumwona. Mama yangu hadi leo anasema huenda hakuwa yeye.

Baba Minu akazungusha glasi mkononi, kisha akasema, "Ngoja Poush iishe. Mtumbwi ukitulisha, nabaki. Usipotulisha, niandike kwenye kundi la mwezi ujao, la Magh."

Nimesikia kwa masikio yangu. Kama angesema amepata mke mwingine nisingeumia hivi.

Poush 7
Ukungu. Sijamsemesha mtu.

Poush 9
Mteja mmoja leo, mwanamke, Dada Sanchari. Huja kila mwaka, peke yake, na lenzi yenye urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Baba Minu amemzungusha asubuhi nzima. Wamerudi wamelowa, nikamkaribisha jikoni ajipashe moto na kula bisi za mchele na sukari guru mpya.

"Umepata kitu, Dada?"

"Wifi, nimepata uji." Akanionyesha kwenye kioo cha kamera. Kweli uji: kijivu juu, kijivu chini, katikati vidoa vya kijivu. "Mwanga hakuna. Nikiilazimisha kamera, picha inajaa chenga kama mchanga. Kwenye giza hili ndege lazima awe karibu nawe, kutoka hapa hadi pale mlangoni, na atulie. Nani atatulia?"

Baba Minu akasema amemwona jicho jeupe mara mbili mwaka huu, kule kati, upande wa pili wa gugu maji. Dada Sanchari akaacha kutafuna. Ndege huyo ni bata mwenye kichwa cheusi cha kung'aa kijani na jicho jeupe kabisa, na wenye kamera wanamtafuta hadi wanaugua. Duniani wamebaki wachache sana, anasema.

"Kaka, nipatie huyo kwa karibu, na kesho yake Kolkata nzima itahamia hapa. Ukungu au si ukungu."

Baba Minu akacheka. "Yule? Ukifungua tu kifuniko cha lenzi, yeye yuko Siberia."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetazama mlangoni, napima ule umbali.

Poush 10
Ukungu. Mama mkwe amekohoa usiku kucha. Nimemchemshia tangawizi, akasema haina nguvu.

Poush 13
Nimelizungusha jambo hili kichwani siku zote hizi na sasa naliandika ili nione kama linaandikika.

Mimi ni binti wa mtega ndege. Mama mkwe hunitukania hilo kila wali unapoungua. Ziwa hili lote, kabla ya mambo ya kamera, liliishi kwa kutega bata na kuwauza wakiwa wamefungwa miguu kama vifurushi vya mboga. Kisha wanaume wakaamua kuacha. Kila mwenye wavu aliutupa majini mbele ya kibanda cha mungu wetu, Mama Kali, wakala kiapo: atakayeshika ndege tena, mtumbwi wake utapinduliwa ukingoni na hakuna mkono utakaougeuza. Baba Minu alikuwa kijana, alitupa wavu wake wa kwanza. Baba yangu alitupa kumi na akalia.

Lakini wanawake hawakuulizwa. Vidole vyangu havikuapa popote. Nilisokota vitanzi vya baba tangu sijaota meno ya ukubwani, na najua jinsi alivyomfunga bata wa chambo: uzi mwembamba mguuni, kipande cha tofali chini ya maji, ndege anaogelea, anazamisha kichwa, anakula, ukimwona huwezi kudhani kafungwa. Ila kuruka haruki.

Sitamuumiza. Ni hadi kundi la Bishu liondoke. Siku ya kuondoka kwao namfungua.

Poush 14
Nimempata.

Nilitoka kabla ya jogoo, juu ya chelezo cha migomba anachochezea Minu, na uzi wa kuvulia wa Baba Minu. Ukungu ulikuwa mzito, mkono wangu mwenyewe siuoni. Nilitega pale wanapolala, nikakaa kwenye matete hadi miguu ikafa ganzi. Kitanzi cha kwanza kilishika kukuziwa, nikamwachia. Cha pili hakikushika kitu. Cha tatu kilivutwa kwa nguvu, na nilipofika alikuwa yeye, na lile jicho jeupe limenitazama bila kupepesa.

Moyo wake ulikuwa unapiga ndani ya kiganja changu mbio sana. Na wangu vilevile. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu, nina mume." Nikamfunga fundo la baba, kwenye kona ya matete ambapo Baba Minu hupita kila siku.

Nilirudi nikawasha moto. Mama mkwe akasema nguo zangu zimelowa. Nikasema umande.

Poush 15
Amekuja mbio! Mtu mzima na umri wake, anakimbia ukingoni huku pondo linaburuzika. "Mama Minu! Jicho jeupe! Kwenye kona, hapa hapa, ningemgusa!" Kamwinua Minu juu, kamzungusha. Sijamwona hivi tangu Minu azaliwe. Amempigia simu Dada Sanchari hata kabla ya kuvua kofia.

Poush 17
Wateja sita. Ukungu uko pale pale, wala hawaulalamikii.

Poush 18
Wateja wamejaa kivukoni hadi Gourhari amepanga zamu. Gourhari ni mwenyekiti wa chama chetu cha wenye mitumbwi na muuza chai pia, kwa hiyo ana furaha mara mbili. Watu wanashuka treni ya alfajiri na majaketi ya kijani, wanauliza, "Mtumbwi wa kaka wa jicho jeupe ni upi?" Wote wanamtaka yeye, na yeye anawagawia wenzake. Nimemfokea. "Ndege umemwona wewe, unamgawa kama karanga za msibani!"

"Ziwa si langu, Mama Minu."

Zamani nilidhani huo ni ujinga. Leo nilimtazama anavyomfungia mzee mmoja mteja shali shingoni ili asipigwe na baridi, na nikaona haya, sijui haya ya nini hasa.

Jioni tumekula samaki na mbegu za haradali. Bishu kapita barabarani, Baba Minu kampungia mkono akiwa amekaa, bila kusimama.

Poush 20
Alfajiri nimempelekea konokono, nimewavunja magamba. Alikula mmoja. Mguu umevimba kidogo pale kwenye uzi. Nimelegeza, nimefunga juu zaidi.

Poush 22
Wakati wa chakula Baba Minu alisema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Leo mwewe alishuka kwenye kona. Bata wote waliruka, ziwa zima lilisimama. Yule akabaki."

"Labda amezoea watu."

"Labda."

Akaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Poush 25
Wateja. Ukungu. Minu ana sweta jipya la manjano. Analala nalo.

Poush 27
Hali konokono tena. Anazunguka tu, anazunguka, maji pale yamekuwa na duara. Wateja wanasema, "Jinsi alivyotulia! Ndege wa ajabu!" Baba Minu karudia maneno yao kwangu, taratibu, kisha akatoka nje kuvuta sigara yake ya biri. Siku hizi hatanii sana. Nadhani amechoka.

Siku ya mwisho ya Poush
Mikate ya mchele mpya, nazi na sukari guru. Nimepika tangu alfajiri. Kundi la Bishu limeondoka na treni ya adhuhuri, wanaume kumi na wawili, na wake zao wamesimama kwenye jukwaa la stesheni na vitambaa mdomoni. Mimi mume wangu alikuwa ameketi jikoni kwangu anaungua vidole na mkate wa moto.

Nilipaswa kwenda kumfungua. Niliapa. Lakini Bishu kabla ya kupanda treni alimwambia mama mkwe kuna kundi jingine baada ya sikukuu ya Saraswati, mungu wa elimu. Nikajiambia, basi hadi hapo. Siku chache tu.

Magh 2
Kesho namfungua.

Magh 3
Wateja kutoka Delhi. Kesho.

Magh 4
Nataka kuandika kwa mpangilio.

Leo jua limetoka. Tangu Poush ianze nimeliomba jua hili kila asubuhi, nimelichomea ubani, nimemwambia Minu aliombe maana watoto wanasikilizwa haraka. Likatoka saa mbili, ukungu ukapanda juu kama pazia la mtu anayefua nyumba nzima, na ziwa likawa jeupe pe. Nilisimama mlangoni nikafurahi. Mpumbavu mimi, nilifurahi.

Dada Sanchari alikuwa kwenye mtumbwi wa Baba Minu. Mitumbwi mingine minne nyuma yao. Mwanga ulipompiga yule bata, kila mtu akapiga picha kama wendawazimu. Kisha Dada Sanchari akaacha kupiga. Akakuza picha kwenye kioo, akaiangalia, akaikuza tena. Mguuni kwa ndege kulikuwa na mstari unaong'aa, mwembamba, unashuka majini.

Wanasema hakupiga kelele. Alimgeuzia Baba Minu kamera na kumuuliza, "Kaka, hiki ni nini?"

Na Baba Minu akaweka pondo chini, akashuka majini hadi kifuani, kwenye baridi hii, akafuata uzi kwa mkono hadi kwenye tofali. Akaliinua mbele ya wote. Akakata uzi kwa meno. Yule bata hakuruka. Aliogelea, mguu mmoja ukiburuta nyuma, akaingia kwenye matete.

Baba Minu alirudi nyumbani amelowa. Nilimpa taulo, akalishika tu. Mama mkwe akauliza kuna nini.

Magh 5
Mkutano ulikuwa kivukoni, mbele ya kibanda cha Mama Kali. Gourhari alisimama, hakuweza hata kumtazama Baba Minu. "Picha iko kwenye simu za watu wote sasa. Wanatuita wezi wa ndege. Leo hajaja mteja hata mmoja, na jua linawaka. Nani kafanya?"

Nikapita katikati ya wanaume, nikafunua kichwa.

"Mimi. Nilimtega mimi, nilimfunga mimi. Mume wangu hajui kitu."

Kwa muda kidogo niliona wameanza kuniamini. Kisha Baba Minu akacheka, kile kicheko chake cha kivukoni ambacho kila mtu anakipenda.

"Mnamsikiliza huyu? Mbuzi wetu mwenyewe hufungwa na mama yangu, akifunga huyu anakutwa shambani kwa watu. Anaogopa nitapigwa, ndiyo maana. Nenda nyumbani, Mama Minu."

Wakacheka. Wanaume wote wakacheka, wenye huzuni na wenye hasira pamoja. Nikapiga kelele kwamba baba yangu alinifundisha, nikataja kona, nikataja konokono, nikataja chelezo cha Minu. Nakul, mwenye mtumbwi wa jirani, akanishika bega kwa upole, "Shemeji, tunajua unampenda. Basi." Nikamng'ata mkono. Hilo nalo walilichukua kuwa mapenzi.

"Ni mimi," Baba Minu akawaambia. "Pindueni."

Wakaupindua mtumbwi. Watu wanane, na baadhi walikuwa wanalia. Yeye mwenyewe aliwasaidia upande wa mkia kwa sababu ni mzito.

Magh 6
Nimemshika leo nyuma ya nyumba, mama mkwe akiwa kwa jirani. Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili.

"Kwa nini? Mimi wangenifanya nini? Mwanamke hana mtumbwi wa kupinduliwa!"

"Wangepindua huo huo. Ni wa nyumba hii. Na wewe ungepita kivukoni kuchota maji maisha yako yote, Minu akiwa nyuma yako, na watu wanawaangalia."

"Umewadanganya."

"Sikuwadanganya." Akakaa juu ya gogo la kuchanjia kuni. "Nilijua siku aliyoshuka mwewe. Jioni nilienda nikapapasa chini ya maji. Fundo la baba yako, nilikuwa namuuzia kamba, nitalisahau? Nikasema nitakata kesho. Asubuhi nikakuta watu wamejaa, na wewe unaimba jikoni. Hujaimba tangu Badal. Nikawapakia. Kila siku nilisema kesho."

Nimemwita mjinga huyu mtu kwa miaka tisa, humu na kwa mdomo.

"Sasa ndege kafungwa na nani?" akasema. "Aliyejua akaendelea kupiga pondo ni nani?"

Magh 7
Nakul kapata manyoya kwenye matete, ya kijani na ya kahawia. Mwewe au mbweha, hajui. Alinionyesha akidhani nitampelekea Baba Minu. Nimeyafukia.

Magh 9
Bishu hakungoja sikukuu. Alisikia, akaja.

Mama mkwe, aliyemwombea mwanawe hiyo safari tangu sikukuu ya Durga, leo alikaa mlangoni akaziba njia kwa mwili wake. "Haendi. Nilikuwa nasema tu. Mtu hasemi tu?" Ilibidi Baba Minu amwinue kama mtoto amweke pembeni. Jioni nilimpikia mama mkwe tangawizi na tulikaa pamoja hadi moto ukazimika, mimi na yeye, bila kutukanana.

Stesheni sikufunika mdomo na kitambaa. Nilimwambia arudi. Akasema, "Wewe lisha mbuzi, na umfunge vizuri." Akajaribu kucheka.

Magh 12
Jua.

Magh 15
Jua. Wateja wawili watatu wameanza kurudi, na Nakul anawapakia.

Magh 21
Jua. Sikukuu ya Saraswati, Minu kaenda shule na sari yangu ya manjano imekunjwa mara nne. Baba Minu kapiga, simu ikakatika kabla hajasema lolote.

Falgun 3
Amepiga leo mchana, na kwa mara ya kwanza sauti imekuja safi. Nyuma yake vyuma vinagongana na watu wanaitana kwa lugha nisiyoijua.

"Mama Minu, huwezi kuamini. Nyuma ya jengo kuna kinamasi. Ndege wanapita chini yangu. Chini! Maisha yangu yote nimewaona matumbo, leo nimeona migongo yao. Na mwanga, we acha tu. Dada Sanchari angelia."

"Uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya kumi na moja. Kuna mmoja mweupe, subiri, anakuja upande huu, subiri niinamie kidogo—"

"Sudhanya!"

Kwetu mke hamtaji mume kwa jina. Sikuwahi, hata siku ya kumzaa Minu. Mama mkwe aliacha kupepeta mchele akanitazama. Kule upande wa pili hakukuwa na sauti, ni upepo tu.

"Shika kitu," nikamwambia. "Nakuomba, shika kitu."

"Nishike na nini?" akasema taratibu. "Mkono mmoja una ndoo ya zege. Mwingine una simu."

Nikamwambia akate simu. Akasema hajaongea na Minu bado. Nikamwambia akate, akate sasa hivi, na sikungoja, nikakata mwenyewe.